Biri inaungua upande mmoja na kuacha mwingine: ni usokotaji, unyevu au uwashaji?

Jivu_Refu:

Wakuu, habari zenu. Swali langu ni la biri, zile nene za majani matupu ya tumbaku zinazosokotwa kwa mkono, si sigara za karatasi.

Moto unaanza vizuri, lakini zikishaungua sentimita 2 au 3 upande mmoja unakimbia na mwingine unabaki. Jani la nje la upande uliobaki linafanya ukingo mweusi unaong'aa kama lami na halishiki moto. Ukiiacha hivyo, tofauti inafika milimita 10 hadi 12 na biri inakuwa kama mtumbwi uliochongwa. Kasha ni la biri 20. Zimeshawashwa 10, na 7 zimefanya hivyo.

Vipimo: urefu milimita 127, unene 50 kwa kipimo cha biri (si milimita), jani la nje jeusi lenye mafuta. Zinakaa kwenye sanduku la mwerezi, kipima unyevu kinasoma asilimia 70, joto nyuzi 23. Kiberiti ni cha gesi chenye mwali mmoja wa jeti. Kichwa kinakatwa kwa kikatio cha visu viwili. Pafu moja kila dakika moja hivi.

Kuuchoma upande uliobaki kunasaidia kwa dakika tano, kisha mambo yanarudi palepale. Chanzo ni nini hasa? Na biri ambayo imeshaanza kwenda upande inaokolewaje bila kuharibu ladha?

Mshipa_wa_Jani:

Jani jeusi lenye mafuta, ukingo unaong'aa kama lami, 7 kati ya 10. Mkuu, anza na unyevu kabla ya kumlaumu msokotaji. Msokotaji akikosea, anakosea biri moja hapa na nyingine kule. Zikisumbua nyingi za kasha moja, tafuta kitu kinachozigusa zote: sanduku, au mkono unaowasha.

Kwanza tuelewane kuhusu maumbo, maana watu huyaweka yote kapu moja. Lako ni mtumbwi: upande mmoja unatangulia. Kuna handaki: majani ya ndani yanaungua kwenda ndani huku jani la nje limesimama kama ganda tupu. Na kuna mchongoko: ukikung'uta jivu unakuta kaa limechongoka kama penseli. Mchongoko mfupi ni dalili njema. Ukizidi sentimita moja, unavuta haraka kuliko biri inavyoweza kustahimili.

Sasa mtumbwi. Biri ina jani la nje, chini yake jani la kufungia, kisha ujazo. Jani la nje ndilo linalokutana na hewa ya sanduku kwanza. Unyevu ukipanda linakunywa mapema kuliko ujazo, na hilo lako ni nene na la mafuta, kwa hiyo hata likiwa kavu haliungui upesi. Moto ukilifikia, joto linatumika kwanza kufukuza maji, na palipo na maji zaidi panachelewa. Mpaka hapo si balaa. Balaa ni kinachofuata: ukivuta, hewa inapita penye upinzani mdogo, yaani upande ambao tumbaku imeshapungua. Upande huo unapata hewa zaidi, unaungua zaidi, unapungua zaidi. Ndiyo maana milimita 3 hazibaki 3. Ukiuchoma upande uliobaki unasawazisha mstari, lakini maji yaliyo mbele ya mstari bado yapo, na dakika tano baadaye unakutana nayo.

Kingine: kipima unyevu hakiaminiki mpaka kijaribiwe. Weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, dondoshea maji kidogo kidogo mpaka iwe kama mchanga uliolowa. Isiyeyuke yote, ikiyeyuka yote na kuwa maji, kipimo kitapanda juu ya kinachotakiwa na jaribio halina maana. Tia kizibo na kipima unyevu ndani ya mfuko unaofungwa usipitishe hewa, kizibo kisigusane na kipima, acha saa 8 hadi 12 mahali ambapo joto halibadiliki. Hewa ya juu ya chumvi iliyolowa hukaa kwenye asilimia 75. Kinachosomwa pungufu au zaidi ya 75 ndilo kosa la kifaa chako.

Na tazama biri zimelala wapi. Ile iliyoegemea pakiti ya unyevu au sifongo inakunywa kwa ubavu mmoja, na ubavu huohuo ndio utakaobaki nyuma. Zigeuze robo mzunguko kila wiki mbili au tatu, na pakiti isigusane nazo kabisa.

Ukingo_Mweupe:

Naunga mkono hoja ya unyevu, lakini uwashaji nao una kesi ya kujibu. Mwali mmoja wa jeti ni kama sindano. Unene 50 ni 50 ya 64 za inchi, karibu milimita 20 za kipenyo, na sindano hiyo inachoma sehemu moja wakati nyingine bado ni baridi. Wengi wanaelekeza mwali katikati, ujazo unashika, jani la nje linabaki bichi. Hapo mtumbwi umeshazaliwa kabla hujavuta pafu la kwanza. Utauona tu baadaye.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Usiitie mdomoni. Ishike ikiwa imeinama kama nyuzi 45, ncha ya kuwashia ikitazama chini. Mwali wa kawaida ukae sentimita 1 hadi 2 chini ya ncha, wa jeti rudi mpaka 3 au 4. Ncha ya mwali isiguse tumbaku. Zungusha biri taratibu na anza na ukingo, si katikati. Lengo ni duara zima la jani la nje na la kufungia liwe jeusi na lianze kufanya mstari mwembamba wa jivu. Hii inachukua sekunde 20 mpaka 40, na kwa jani nene kama hilo hata zaidi. Usione haya kuchukua muda.

Kisha ipulizie ncha, si kuivuta. Kaa litang'aa na utaona wazi palipo na giza. Papashe hapo tu. Ukiona duara zima limewaka sawasawa, ndipo utie mdomoni na uvute pole mara mbili tatu huku ukiizungusha, mwali ukiwa karibu lakini haugusi. Halafu iache itulie kama dakika moja kabla ya pafu linalofuata, ili kaa lijipange.

Gesi iwe butane safi. Kiberiti cha petroli kinaacha harufu. Cha njiti kinafaa kikiwa kirefu, ila subiri kichwa chote cha njiti kiungue kwanza. Ukijaza gesi, toa kwanza hewa iliyobaki ndani kwa kubonyeza vali kwa bisibisi ndogo kiberiti kikiwa kimegeuzwa juu chini, la sivyo mwali utakuwa unarukaruka na wewe utadhani ni biri.

Angalia na upepo. Feni au kiyoyozi kinachopuliza kutoka upande mmoja kinatosha kupindisha mstari wa moto wa biri nzuri kabisa.

Kofia_Safi:

Mimi najibu swali la pili, la kuokoa, maana hapo ndipo watu huharibu zaidi.

Tofauti ikiwa chini ya milimita 3, usifanye lolote. Nyingi hujirekebisha ndani ya sentimita moja, hasa kama chanzo ni mshipa mnene wa jani la nje uliokatiza njia ya moto. Kila ukigusa kwa mwali unaongeza uchungu, kwa hiyo hifadhi moto kwa tatizo la kweli.

Ikifika 3 hadi 6, geuza biri ili upande uliobaki uwe chini, kisha vuta pafu mbili fupi mfululizo. Iache hivyo dakika mbili.

Ikizidi hapo, kung'uta jivu kwanza. Usichome juu ya jivu. Halipitishi joto vizuri na mwali unarudi kwenye jani la nje mbele ya mstari, unalipasua. Jivu likitoka, leta mwali sentimita 2 kutoka kwenye ukingo uliobaki, sekunde 2 au 3, toa, tazama, rudia. Usivute wakati huo. Ukivuta, hewa inapita upande uliotangulia na unaupa nguvu adui. Ukingo ukishashika, vuta pole mara moja.

Upande uliotangulia nao unaweza kuupunguza kasi: lowesha ncha ya kidole kwa maji au mate, pangusa jani la nje milimita 3 hivi mbele ya mstari wa moto, upande huo tu. Tone likichuruzika umezidisha. Ni hila ya zamani na inafanya kazi kwa mtumbwi mdogo. Kwa handaki haisaidii kitu, maana tatizo la handaki ni jani la nje ambalo tayari ni bichi.

Mtumbwi wa milimita 10 na zaidi: usibishane nao. Kata ncha yote iliyoungua kwa kikatio (kikatio cha zamani, jivu linaharibu makali), kata mpaka upate duara la tumbaku safi, puliza kutoka kichwani kwenda nje ili kutoa moshi uliolala ndani, uwashe upya kama biri mpya. Unapoteza sentimita 1 au 2. Ukirudia zaidi ya mara mbili kwa biri moja, itupe.

Nimeona umesema kikatio cha visu viwili. Kata milimita 1.5 hadi 2 tu za kofia (kipande cha jani kinachofunika kichwa), kwa pigo moja. Mkato wa mshazari unapitisha hewa zaidi upande mmoja, na moto wa ncha ya pili unafuata hewa hiyo. Ukiona mtumbwi unaelekea upande uleule uliokatwa kwa kina zaidi, chanzo umekipata.

Ligero_Katikati:

Naomba nitetee upande wa pili kidogo, maana tukisema "unyevu" kwa kila kitu hatutajifunza.

Ujazo una aina tatu za majani. Volado ni jepesi na linashika moto upesi, seko liko katikati, ligero hutoka juu ya mmea, ni nene, la mafuta na linaungua polepole. Msokotaji anatakiwa kuliweka ligero katikati kabisa, likizungukwa na mengine. Likikaa ubavuni, ubavu huo utachelewa tangu mwanzo mpaka mwisho, hata unyevu uwe wa asilimia ngapi. Ishara yake ni kwamba upande unaobaki ni ule ule urefu wote wa biri. Mtumbwi wa unyevu au wa uwashaji hubadilika: ukirekebishwa unatulia, au unahamia upande mwingine.

Namna ya kukusanya ujazo nayo ina mchango. Ukizungusha kila jani liwe kama mrija mwembamba kabla ya kuyaunganisha, hewa inapita njia nyingi na moto unakwenda sawa. Ni kazi ndefu. Ukiyalaza majani na kuyakunja pamoja kama kitabu, ni haraka, lakini mikunjo inalala upande mmoja na upande huo unakuwa mzito zaidi. Kabla ya kuwasha, bonyeza biri kwa vidole viwili ukiizungusha kutoka ncha hadi kichwa. Penye ulaini moto utakimbia. Penye ugumu kama fundo utasita. Fundo la katikati unaweza kulifungua kwa sindano ndefu ya kufumia kupitia kichwani, lakini usitoboe ubavuni. Tundu dogo tu la ubavuni linaingiza hewa na moto unaruka kwenda hapo.

Kwa sababu hiyo hiyo kagua matundu ya mdudu wa tumbaku, Lasioderma serricorne. Ni tundu safi la duara, milimita 1 hadi 2, na unga wa kahawia chini ya sanduku. Nyuzi zako 23 ziko mpakani. Joto likipanda zaidi ya hapo mayai yanaanguliwa kwa urahisi. Ukiona dalili, funga biri kwenye mifuko isiyopitisha hewa, saa 24 kwenye jokofu, siku 3 kwenye friza, saa 24 tena kwenye jokofu, ndipo zirudi. Ukiruka hatua ya jokofu jani la nje litapasuka.

Na kuna kosa ambalo halitibiki: jani lililolimwa vibaya. Potasiamu ndani ya jani inasaidia kaa kuendelea kuwaka, klorini inalizima. Ndiyo maana tumbaku hupewa potasiamu kwa njia ya salfeti, si kloridi. Jani lililojaa klorini linavuta unyevu na kuzimikazimika, na hakuna kiberiti wala sanduku litakaloliponya.

Mshipa_wa_Jani:

@Ligero_Katikati sawa kabisa, ila saba zote ziwe na ligero ubavuni? Labda mtu aliyesokota alikuwa anasinzia wiki nzima. Mkuu Jivu_Refu, unapowasha inayofuata, weka alama ya kalamu kwenye lebo, upande unaobaki nyuma. Ukiona umebaki uleule mwanzo hadi mwisho, basi nitameza maneno yangu.

Pafu_Taratibu:

Nyongeza mbili fupi.

Moja, pafu kila dakika ni sawa kwa unene 50. Zile za unene 60, karibu milimita 24, zinahitaji karibu zaidi, sekunde 40 hadi 45, la sivyo ukingo unapoa na handaki linaanza. Usihamishe kipimo cha biri moja kwenda nyingine.

Mbili, hilo la kuweka upande uliobaki chini. Maelezo ni kwamba hewa ya kulisha moto inaingia kutoka chini. Inasaidia kwa tofauti ndogo, lakini wengine wanazungusha biri kila pafu kama mshikaki na wanashangaa jivu linaanguka. Geuza mara moja, acha. Jivu la sentimita 2 hadi 3 likae, linapunguza kasi ya hewa kufika kwenye kaa na kuulinda mstari.

Jivu_Refu:

Asanteni sana wakuu. Matokeo ya chumvi: saa 12 ndani ya mfuko, kipima kinasoma 69. Kwa hiyo kinapunguza 6, na 70 ya sandukuni ni 76. Hakuna matundu, hakuna unga.

Alama ya lebo: iliyowashwa kwa utaratibu wa @Ukingo_Mweupe ilikwenda sawa mpaka nusu, ikaanza kubaki upande wa alama, ikarekebishwa mara moja, kisha ikabaki upande wa pili. Nishushe unyevu namna gani, na kwa haraka kiasi gani?

Mshipa_wa_Jani:

Upande umehama, kwa hiyo ligero ameachiwa huru.

Usishushe kwa pupa. Jani la nje likikauka haraka kuliko ujazo linasinyaa juu ya mwili uliovimba, na linapasuka. Toa chanzo chote cha unyevu kilichomo, sifongo au jeli. Acha kifuniko wazi dakika 15 kwa siku, siku tatu. Kisha tia pakiti za asilimia 65 zinazotoa na kunyonya unyevu, gramu 60 kwa kila biri 25 za uwezo wa sanduku (si za idadi uliyonayo, mbao nazo zinakunywa). Kama utarudia kutumia sifongo, maji yawe yaliyokenekwa. Ya bomba yanaacha madini yanayoziba vitundu. Kipima kikisoma 59 ndiyo 65 yako halisi, au kirekebishe kama kina skrubu nyuma.

Hewa ya sanduku itashuka ndani ya siku chache na kukudanganya kwamba kazi imekwisha. Katikati ya biri inachukua wiki 3 hadi 4. Joto lishushe lifike 18 hadi 20 ukiweza.

Kama huwezi kusubiri, chukua mbili tu, ziweke kwenye kasha tupu la mwerezi lisilo na chanzo cha unyevu, saa 48, mbali na jua na feni. Jani hilo jeusi litafaidika kuliko jani jepesi.

Kofia_Safi:

Na kabla ya kuwasha hizo mbili, zipime kwa vidole karibu na sikio. Zikibonyea na kurudi bila sauti, tayari. Zikiwa kama sifongo, siku moja zaidi. Ukisikia mchakacho, umezidisha. Zirudishe kwenye 65 wiki mbili na usiziguse.